Kosa lake: mdomo

Mimi ni dobi. Nalisema mapema kwa sababu ndugu zangu Tanga wakiulizwa habari zangu hujibu, "Yuko Australia, hospitali," na wala si uongo mkubwa: mashuka ya hospitali hupita mikononi mwangu kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mashuka, foronya, taulo, magauni ya wagonjwa yale ya kufungia nyuma. Huu ni mwaka wa sita nipo Hobart, kisiwani Tasmania, ambako ukisimama ufukweni ukatazama kusini, hakuna nchi nyingine mbele yako ila barafu.

Basi langu hupita South Hobart, na pale kuna ukuta mrefu wa mawe, mchafuchafu, umekaa kama umesahauliwa. Mwaka mzima niliupita nikidhani ni wa kiwanda cha bia, maana kiwanda cha bia kipo kweli, juu kidogo kwenye barabara hiyohiyo. Aliyenitoa tongotongo ni mwenzangu kazini, mama wa makamo aliyezaliwa hapahapa. Tulikuwa tunakunja mashuka, yeye kashika ncha ile, mimi ncha hii. Akasema bibi mmoja wa ukoo wao, wa vizazi vingi nyuma, alifua nguo nyuma ya ukuta ule na hakulipwa hata senti. "Alikuwa mfungwa," akasema, kwa fahari kabisa, kama mtu wa kwetu anavyomtaja babu aliyekwenda kuhiji kwa jahazi. Zamani, akaniambia, familia zilificha mambo haya. Mtu aliweza kuzaliwa, kuolewa na kufa bila kujua kuwa bibi yake aliletwa huku na pingu. Siku hizi wanatafutana kwenye nyaraka na kufanyiana sherehe.

Jumapili iliyofuata nikaenda.

Nieleze kwanza kwa ufupi, kwa wasiojua. Kuanzia 1788 Uingereza ilikuwa ikiwapakia wafungwa wake melini na kuwamwaga Australia. Wanawake kati yao walikuwa kama 25,000, na karibu nusu yao waliishia kisiwa hiki, wakati huo kikiitwa Van Diemen's Land. Usidhani walikuwa wauaji. Wengi waliiba: kitambaa, gauni la bibi mwenye nyumba, vijiko, kipande cha nyama. Hukumu ya kawaida ilikuwa miaka 7, wengine 14, wengine maisha. Lakini kwa mwanamke asiye na nauli ya kurudi safari ya miezi mitatu au minne baharini, miaka 7 na maisha vina tofauti gani?

Mahali penyewe panaitwa Cascades Female Factory, yaani Kiwanda cha Wanawake. Pamefunguliwa 1828 katika majengo yaliyokuwa ya kutengenezea pombe kali. Yeyote aliyelichagua bonde lile hakuwahi kuanika nguo. Nilikwenda mwezi wa saba, ambao huku ni katikati ya baridi, na alasiri saa tisa jua lilikuwa limeshakwenda zake nyuma ya mlima. Mlima huo Waingereza waliuita Wellington. Wamuwinina, wenye nchi, waliuita kunanyi, nao walikuwa wameshanyang'anywa bonde hili kabla jiwe la kwanza la ukuta halijawekwa. Kijito kinapita kando, maji yake ni barafu iliyoyeyuka, na unyevu unapanda kutoka chini mpaka kwenye magoti. Ndani hakuna mengi ya kuona: nyua tupu, changarawe, misingi ya vyumba vya upweke ambavyo nilivipima kwa hatua zangu na hatua zikaisha kabla sijaanza kuhesabu vizuri.

Neno "kiwanda" linapotosha, na "jela" pia halitoshi. Mahali pale palikuwa jela, karakana, wodi ya wazazi na soko la vijakazi, vyote kwa mpigo. Mwanamke akishuka melini alipangiwa bwana, awe mlowezi, ofisa au mwenye baa, akamfanyia kazi za nyumbani kwa chakula na nguo tu. Wakikosana, bwana anampeleka kwa hakimu, hakimu anampeleka Kiwandani. Akipata mimba, anarudishwa Kiwandani. Adhabu ikiisha, anakaa humo akingoja bwana mwingine aje kumchukua. Aliyevumilia miaka kadhaa bila kesi angeweza kupewa cheti cha kujitafutia kazi mwenyewe, na akitaka kuolewa ilibidi serikali ikubali kwanza.

Ndani waligawanywa madaraja matatu. La kwanza lilikuwa la wenye tabia nzuri, ndio waliopika na kuuguza, na ndio walioweza kupangiwa bwana mpya. La pili walishona. La tatu liliitwa daraja la wahalifu. Hao ndio waliochambua sufu na kusokota nyuzi, na hao ndio waliofua. Nguo zilikuwa za kitambaa kizito kinachokwaruza, na kwa kanuni za 1829 mwanamke wa daraja la pili alibandikwa herufi C kubwa ya njano kwenye mkono wa kushoto wa koti. Wa daraja la tatu alibandikwa C tatu: mgongoni, mkono wa kulia, na nyuma ya gagulo. Hata akiinama kwenye beseni, herufi inakutazama.

Hapo kwenye kufua niruhusuni nikae kidogo, maana ni fani yangu na wanahistoria wanapita harakaharaka kana kwamba kufua ni kufua tu. Shuka moja la pamba likilowa linakuwa na uzito wa mtoto mchanga. Kulisugua ni nusu ya kazi. Kulikamua ndiko kunakokula viganja na viwiko, na ukilikamua peke yako linakushinda, lazima muwe wawili mkilisokota kila mmoja upande wake. Mimi nina mashine inayozungusha kilo nyingi kwa wakati mmoja, nina glavu, nina maji ya moto yanayotoka ukutani, na bado mwezi wa saba vidole vyangu vinapasuka kando ya kucha. Wao walisimama kwenye mabeseni ya mawe na mbao kutwa nzima, miguu ndani ya maji yaliyomwagika, na nguo walizofua hazikuwa zao tu. Zilikuwa za hospitali ya mji na za shule ya mayatima.

Shule ya mayatima ilikuwa New Town, upande mwingine wa mji, na wengi wa mayatima hao walikuwa na mama. Mama zao ndio hawa. Mfungwa akijifungua alikaa na mtoto kwenye chumba cha kunyonyeshea hadi aachishwe ziwa, kisha mama anaingizwa daraja la wahalifu miezi sita kama adhabu ya kuzaa. Baba mtoto, ambaye mara nyingi alikuwa ndani ya nyumba ileile ya bwana, hakuitwa na mtu. Mtoto akijaaliwa kuishi, akifikisha miaka miwili au mitatu anapelekwa New Town. Nasema akijaaliwa, kwa sababu vyumba vile vilijaa watu, hewa na jua hamna, na watoto walikufa kwa wingi hata mwaka 1838 uchunguzi wa kifo cha mtoto mmoja ukazua kelele magazetini, serikali ikalazimika kuhamishia watoto nyumba nyingine mjini. Basi fikiria mwanamke yuko kwenye beseni, analetewa furushi la nguo ndogondogo kutoka shule ya mayatima. Mimi ningezigeuza moja moja. Ningenusa.

Nilirudi nyumbani siku hiyo sikupika.

Halafu nikaingia kwenye nyaraka. Hapo ndipo usiku wangu mwingi ulipopotelea, na mume wangu ni shahidi. Rekodi za wafungwa wa Tasmania zimehifadhiwa vizuri kupita kiasi. UNESCO imeziorodhesha, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzifungua. Kila mwanamke ana ukurasa wake. Urefu kwa futi na inchi, rangi ya macho, umbo la kidevu, makovu, alama za ndui, chanjo za mkononi, amezaliwa wapi, anajua kazi gani. Ukurasa wa mtu aliyetazamwa kama ng'ombe mnadani. Chini yake yanafuata makosa aliyoyatenda akiwa huku, kila moja na tarehe, jina la bwana aliyeshtaki, na adhabu.

Ni makosa gani basi? Kutoka bila ruhusa. Kulewa. Kukutwa nje baada ya saa za kulala. Kukataa kazi. Na lile linalojirudia ukurasa baada ya ukurasa mpaka macho yanalizoea: "insolence". Kamusi inaniambia ni ufidhuli. Sawa, lakini ufidhuli ni neno la mahakamani. Mtaani kwetu tungesema tu ana mdomo. Amejibu. Bibi mwenye nyumba kamwambia jambo, naye hakunyamaza. Kwa kujibu huko, siku kadhaa katika chumba cha upweke kwa mkate na maji, au miezi mitatu kwenye beseni la kufulia. Ndiyo, "beseni la kufulia" limeandikwa kabisa kama adhabu. Kazi inayonilipia kodi ya nyumba.

Mwenyewe niliwahi kupewa barua ya onyo. Si hapa nilipo sasa, ni mahali pengine pa zamani, na sitapataja. Msimamizi alinisemea neno kuhusu lafudhi yangu mbele ya watu, nikamrudishia la kwake kwa utulivu kabisa, kwa Kiingereza cha sarufi safi. Barua ilisema "lugha isiyofaa kwa kiongozi". Alichosema yeye hakikuandikwa popote. Mtu akija kuisoma miaka mia ijayo atakuta kwamba mwanamke fulani wa Afrika Mashariki alikuwa na lugha isiyofaa. Ndivyo nilivyojifunza kuzisoma zile rekodi: kila ufidhuli ni nusu ya mazungumzo, na nusu iliyotangulia imefichwa na mwenye kalamu.

Na wale wasio na kosa lolote? Kurasa zao ni nyeupe. Meli, kimo, macho, ruhusa ya kuolewa, tarehe ya kuachiliwa, basi. Waliokaa kimya wamepotea kabisa, na waliokuwa na midomo ndio tunaowasikia, tena kupitia kwa waliowaadhibu.

Kulikuwa na kundi humo ndani mwishoni mwa miaka ya 1830 lililoitwa Flash Mob. Anayetajwa kama kinara wao ni Ellen Scott. Gazeti la hapa mjini liliwalalamikia kwamba wanavaa hereni na vitambaa vya hariri ndani ya jela, na taarifa za uchunguzi wa serikali zinataja tumbaku iliyopenyezwa, nyimbo na ngoma za usiku. Na kuna kisa ambacho mwenzangu kazini hawezi kukisimulia bila kuliachia shuka. Gavana Sir John Franklin, mkewe Jane na kasisi Bedford wamekwenda Kiwandani, wanawake kama 300 wamepangwa safu kusikiliza mahubiri. Kasisi huyo alikuwa hapendwi. Mara wakageuka wote kwa pamoja, wakapandisha nguo, wakajipiga makofi makalioni kwa mdundo mmoja. Baadhi ya wanahistoria wanakitilia shaka, kwa vile kiliandikwa miaka mingi baadaye. Mimi nimekiamini nusu. Wenzangu wa huku wanacheka tu, lakini mtu aliyekulia kwetu anajua kwamba wanawake wazima wakikufunulia nguo kwa makusudi, huo si mzaha. Hiyo ni laana.

Adhabu kali kuliko zote za serikali, ukiniuliza, si mkate na maji wala ukosi wa chuma uliotumika miaka ya mwanzo, ingawa huo nao ulikuwapo. Ni kunyolewa. Mwanamke wa daraja la tatu alikatwa nywele, na walichukia hilo kuliko chumba cha upweke. Kule Parramatta, karibu na Sydney, palipokuwa na kiwanda kingine cha namna hii, walifanya ghasia kwa ajili ya nywele. Hapohapo Parramatta, Oktoba 1827, walipopunguziwa mkate na sukari walivunja lango wakaingia mjini, wakachukua mikate na nyama madukani, wakarudi na vyakula ndani ya aproni huku askari wakiwa nyuma yao. Askari walipotaka kuwakamata vinara, wengine wakasema hapana, kama ni kufungwa tutafungwa wote.

Nilimpigia shangazi yangu nikamsimulia haya. Yeye ni fundi cherehani, amenilea, na hana subira na habari ndefu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Baridi haijakumaliza tu?"

Nikamwambia kuhusu nguo, C za njano, nywele. Alinyamaza. Kilichomwamsha ni shuka la viraka. Mwaka 1841 meli iitwayo Rajah ilileta Hobart wanawake wapatao 180. Kamati ya akina mama wa London, ile ya Elizabeth Fry, mtetezi wa wafungwa, iliwapa kabla ya kuondoka sindano, nyuzi na vipande vya vitambaa. Njiani wakashona shuka moja kubwa la vipande 2,815, ndege na maua katikati, miraba kuzunguka, zaidi ya mita tatu kila upande. Leo limehifadhiwa Canberra na halitolewi ovyo kwa kuwa limechakaa.

"Vipande elfu mbili na ngapi?" akauliza. Nikarudia. "Melini? Na mawimbi?" Akapiga mluzi. Halafu akauliza swali ambalo mtu wa Pwani hawezi kuacha kuliuliza: "Pembeni wameandika nini?"

Nikamwambia wameandika kweli pembeni, kwa uzi, kama jina la khanga: shukrani kwa wale akina mama wa kamati.

"Majina yao wenyewe?"

"Hayamo."

"Basi hiyo ni khanga ya kwenda nayo ukweni," akasema. "Ya mpasho walivaa ndani."

Jambo moja sikumwambia, kwa sababu lingemkosesha usingizi. Katika kusoma kwangu nilikutana na wasichana wawili walioletwa Sydney mwaka 1834, si kutoka Uingereza bali kutoka Mauritius. Constance na Elizabeth, watumwa, binamu, mmoja takriban miaka 8, mwingine takriban 12. Walishtakiwa kutaka kumtilia sumu bibi aliyewamiliki, wakahukumiwa kuhamishwa. Utumwa ulifutwa Mauritius Februari 1835, miezi michache tu mbele. Mauritius ile ilikuwa imejaa watu waliouzwa kutoka Madagaska na pwani yetu, kwa hiyo kila nikipita ule ukuta siwezi tena kusema hii ni habari ya Wazungu kwa Wazungu. Miaka 8. Binti yangu ana miaka 8 na bado hawezi kujifunga kamba za viatu vizuri.

Wiki iliyopita mwenzangu alikuja na simu yake wakati wa chai. Amempata bibi yao. Alikuwa na jina la ukoo lililoandikwa vibaya, ndiyo maana miaka yote walimkosa. Tukainamisha vichwa juu ya kioo: futi nne na inchi kumi na moja, macho ya kahawia, kovu juu ya nyusi ya kushoto, kazi yake kijakazi, kosa lililomleta ni kuiba shuka. Tukatazamana. Chini, katika miaka yote 7, kosa moja tu: ufidhuli kwa bibi mwenye nyumba, miezi mitatu, beseni la kufulia.

"Alisema nini?" mwenzangu akauliza.

Tukaanza kukisia. Mimi nikasema labda aliambiwa mashuka hayajatakata akajibu, fua mwenyewe. Yeye akasema hapana, huyo ni bibi yangu, angesema kibaya zaidi, akanitajia alichofikiria, nami nikacheka mpaka chai ikanipalia. Tukaendelea hivyo, kila mmoja akipandisha, mpaka msimamizi akachungulia mlangoni. Mashine ya tatu ilikuwa imekwisha kulia. Tukanyanyuka, yeye akashika ncha ile, mimi ncha hii, tukiwa bado tunamjibia.